Hodi Angani: Rubani Aamini Jicho au Chombo?

Usiku wa giza pale Shangani, Mtwara, wavuvi unawahesabu kwa taa zao. Aliyezimikiwa na taa yupo palepale majini, ila kwenye hesabu yako hayumo. Niliwakumbuka siku jirani yangu wa kiti, tukitoka Dar, aliponiuliza rubani anaijuaje ndege nyingine katikati ya mawingu.

Alidhani ni rada ya puani. Rada hiyo ipo, lakini kazi yake ni kutafuta mvua na dhoruba. Ndege hutafutwa na chombo kiitwacho TCAS, ambacho hupiga hodi kwa mawimbi ya redio. Transponda ya ndege ya pili, yaani kifaa chake cha redio cha kujibu, huitikia na kutaja kimo chake. Muda wa jibu kurudi ndio unaoonyesha umbali. Mwenzako akikaribia, alama yake kwenye skrini hugeuka duara la manjano. Hatari ikiiva huwa mraba mwekundu, na sauti huamuru: panda, au shuka. Vyombo vya pande zote mbili hupatana vyenyewe nani apande, nani ashuke.

Wanaotetea macho ya rubani dhidi ya chombo wana hoja nzito: jicho halisubiri kuitikiwa. Huko Brazil, tarehe 29 Septemba 2006, transponda ya ndege ndogo ya jeti ilikuwa haitumi kitu, hivyo hodi haikuitikiwa. Iligongana na Boeing ya shirika la Gol, wakafa watu 154.

Lakini jicho nalo lina ulemavu wake. Jeti mbili zinazoelekeana, kila moja kilomita 800 kwa saa, hukaribiana karibu kilomita 27 kwa dakika. Na ndege itakayokugonga haisogei kiooni. Inatulia mahali pamoja kama kidoa cha uchafu, kisha ghafla inajaa kioo kizima.

Kwa hiyo TCAS ikiamuru, mimi nasema itiiwe, hata mwongoza ndege akisema vingine. Tarehe 1 Julai 2002, juu ya Überlingen, Ujerumani, mwongozaji aliiambia ndege ya Urusi ishuke huku TCAS yake ikisema panda. Rubani akashuka. Ndege ya mizigo nayo ilikuwa ikishuka, kwa amri ya TCAS yake. Walikufa watu 71, wengi wao watoto wa shule.

Kinachonikosesha raha ni huku kwetu kusini. Kanuni za kimataifa zinaidai TCAS kwenye ndege za injini za tabaini (turbine) zinazozidi kilo 5,700 au abiria 19. Vindege vya kwenda Kilwa Masoko na Songosongo viko chini ya hapo. Sidai vifungiwe TCAS, ni ghali mno. Nadai kila kimoja kiwe na transponda nzima, iliyowashwa tangu kuruka hadi kutua, ili mkubwa akipiga hodi aitikiwe.

Macho hayastaafu hata hivyo. Ndege ikishuka kuja kutua Mtwara, chini ya takriban futi 1,000 kutoka ardhini TCAS huacha kutoa amri. Hapo, juu ya minazi na mikorosho, kilichobaki ni redio na rubani aliyekaza macho kiooni.