Sentimita Sita na Aibu

Kabla hamjaendelea kusambaza ile sauti aliyorekodi jirani yangu Afande usiku wa okidi yangu, eti nililia na watu wakazimia, kwenye magrupu ya WhatsApp, nisikilizeni na mimi mwenye okidi. Sikulia. Ule ulikuwa moshi wa sigiri. Na hakuna aliyezimia, hilo kaliongeza mwenyewe.

Chungu nilikinunua kwa wauza miche kando ya barabara ya Entebbe, kimechomekwa lebo ya plastiki: Angraecum sesquipedale. Wapenda maua najua mmeshaanza kucheka. Nyie wengine, hiyo ni okidi ya Madagaska, ua jeupe lenye mkia mwembamba wa kama sentimita 30, na asali yake iko chini kabisa mkiani. Darwin alipoliona, mwaka 1862 akaandika kwamba lazima yuko nondo mwenye ulimi wa kufika huko. Nondo mwenyewe alikuja kupewa jina 1903, Darwin keshazikwa zamani.

Sasa, bila ua, okidi za aina hii zimevaa sare: majani ya mkanda safu mbili, mizizi minene ya kijivu inaning'inia. Nikaamini lebo. Mlitaka niidai kitambulisho?

Matumba yalipotoka nikatangazia mtaa mzima. Njooni magharibi, ua hili hunukia usiku, mtaona mkia unaofika magotini. (Wewe unayeuliza kwa nini sikushtuka matumba yalivyokuwa mengi: nilidhani ni neema.)

Wakaja. Chai ya tangawizi, chapati, Hajati kapewa kiti cha mbele. Nikazima taa ya baraza ili harufu ifanye kazi yake. Harufu ikaja kweli, tamu, watu wakaguna, nami nikavimba. Ndipo Afande, mstaafu asiyeamini kitu bila ushahidi, akamwomba mwanangu rula ya shule.

Akawasha tochi. Akainama. Akaweka sifuri ya rula kwenye mdomo wa ua, taratibu, kama anayepima jeraha la kesi. Kimya. Nikasikia mbu. Kidole chake kikateremka kwenye mkia, kikateremka, kikasimama. Kikarudi juu, kikaanza upya. Mimi bado natabasamu, meno yote nje.

"Sita," akasema.

"Sita na ngapi, Afande?"

"Sita na aibu."

Banange! Hata hapo ningejitetea, ningesema bado linakua, lakini Hajati akasimama, akarekebisha miwani, akalinusa, akashika vile vijani vikavu vya kahawia vilivyo chini ya kila ua. "Mwanangu, hili si lile lililoota kwenye mwembe wangu, nyuma ya choo?"

Ndilo. Cyrtorchis arcuata, mkia mfupi uliopinda, mwananchi kabisa wa hapa kwetu. Mtu mmoja akatemea chai mgongoni kwa mwenzake. Tochi ikahamia usoni kwangu, na simu ya Afande, kumbe, ilikuwa inarekodi tangu kwenye chapati.

Mengine mnayajua. Maua yakazeeka yakageuka rangi ya chungwa, kawaida yake, Afande akatuma sauti nyingine kwamba hata rangi ilikuwa feki. Lebo nimeing'oa.

Jana Hajati kamtuma mjukuu na mfuko, ndani mna okidi tatu zimebanduliwa mwembeni. Bei anataka ileile niliyolipia ya Madagaska.