Shilingi 300 ya kuangalia maua

Jumapili nilikua nimejipangia mambo mawili tu, viazi karai na usingizi. Mke wangu akaona kwa simu kuna maonyesho ya picha za bustani huku Mji wa Kale, ati watoto wapate kuijua sanaa, basi tukapakiana tuktuk moja watu watano, mama mkwe kaketi kwa nafasi zake na mimi ubavuni mwa dereva, tako moja ndani tako moja barabarani.

Mlangoni, mtu mzima 300. Nikauliza maua yenyewe yapo? Kijana akacheka, "Ni picha, mzee."

300 yakhe! Na kwetu juu ya paa mama mkwe ana asumini, ana mkilua, ana mrehani, zote ndani ya ndoo kuukuu za rangi, naziona bure. Bure nasema uongo, mfereji wetu ukiufungua wakohoa tu, maji nanunua kwa mkokoteni, mtungi wa lita 20 shilingi 40, na anayeupandisha ngazi 64 ni mimi na kiuno changu hiki.

Picha za vijana wa hapa nilizipita mbio (kuna bogenvilia moja nzuri lakini, sikatai). Ukuta wa mwisho ndo nakala za mzee mmoja Mfaransa, Monet. Kijana akaeleza, alihamia kijiji kiitwacho Giverny mwaka 1883, baadaye akachimba kidimbwi, akapanda mayungiyungi, kisha akayachora karibu mara 250. Kidimbwi hicho hicho! Nikamwambia mke wangu huyu hakua na kazi nyengine, akanifinya.

Majirani nao walikuja juu, wakasema mimea yake ya kigeni itawatilia sumu maji ya mto. Hapo nikawapenda hao majirani bila kuwajua, manake mama wa chini kwetu kila asubuhi matone ya ndoo zile yakimwangukia nguo kambani hamtukani mama mkwe, ananitukana mimi.

Mama mkwe kasimama mbele ya picha moja, daraja kama limeungua, nyekundu na kahawia tupu. Akasema kwa sauti ukumbi mzima ukasikia, "Hivi ndivyo nilivyokua naona kabla ya kupasuliwa jicho."

Nikatamani sakafu inimeze. Kijana kaduwaa, "Bibi, umejuaje? Alikua na mtoto wa jicho, akapasuliwa 1923!"

Basi tena. Kutoka hapo mtaalamu ni yeye, hata wageni wa watu wanamfuata nyuma wamuulize.

Lakini lililoniumiza ni hili, kijana akasema Monet alikua na mtu kazi yake kuingia kidimbwini na mashua kuyapangusa mayungiyungi vumbi. Mke wangu akanigeukia, "Waona?"

Naona nini? Yule alikua analipwa!

Tuktuk ya kurudi kimya, nikajua kuna jambo linapikwa. Tumefika Makadara ndo mama mkwe akaanza, "Baba Zuhura, lile tangi letu bovu la lita 500, fundi akilikata nusu si linatosha yungiyungi?"

Nusu yake lita 250. Nikapiga hesabu kwa vidole hadi nyumbani, mitungi kumi na mbili na nusu, na hiyo nusu nayo haijipandishi ngazi.