Sangara wa zaidi ya sentimita 85: alindwe mwaloni au majini?

Sangara jike wa mita moja, mwenye kilo kama 13, akifika mwaloni, yaani kituo cha kupokelea samaki, pale Kasensero au Masese kwenye Ziwa Victoria upande wa Uganda, huwa amekwisha kufa. Tuanze hapo kila tunapobishana kuhusu kanuni ya sentimita 50 hadi 85, inayotaka sangara anayeingia kiwandani awe ndani ya vipimo hivyo. Chini ya 50 anahesabiwa mtoto. Juu ya 85 anahesabiwa mzazi, aachwe ziwani.

Wanaotetea kikomo cha juu wana biolojia nzito nyuma yao. Dume hukomaa akiwa na sentimita 50 hadi 60, lakini jike huchelewa, na wengi huvuka 70 kabla ya kutaga. Maana yake sangara halali wa sentimita 55, mwenye kilo mbili hivi, akiwa jike basi huenda hajawahi kuzaa hata mara moja. Kikomo cha chini peke yake hakimlindi. Anayebeba uzazi wa ziwa ni yule aliyeponyoka nyavu zote hadi akavuka 85, na samaki wa ukubwa huo karibu wote ni majike. Jike mkubwa hubeba mamilioni ya mayai. Yai lenyewe halifiki milimita moja, lina tone la mafuta linalolifanya lielee, na huanguliwa ndani ya siku moja hivi. Mengi huliwa na mengi hufa, ndiyo maana wingi wa mayai ni muhimu, na wingi huo huongezeka kadiri uzito wa mama unavyoongezeka.

Wanaoipinga nao wasipuuzwe. Sangara mkubwa hula dagaa, uduvi na hata wadogo wa jamii yake, kwa hiyo kumwacha kuna gharama. Bei nayo ina nguvu: bondo, yaani kifuko chake cha hewa, hununuliwa na wafanyabiashara wa Asia, na bondo la samaki mkubwa ndilo lenye bei zaidi. Ukimpiga marufuku mwaloni hatabaki ziwani. Atapasuliwa usiku, bondo lipitishwe kwa siri, na nyama iuzwe kwa bei ya kutupa.

Lakini hoja yao yenye uzito kuliko zote imo ndani ya bondo hilohilo. Kifuko cha sangara hakina njia ya kutolea hewa mdomoni. Gesi huingia na kutoka polepole kupitia damu. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya bahari, na hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya pwani. Ukimvuta samaki haraka kutoka mita 30, gesi ile hutanuka zaidi ya mara nne. Kutoka mita 10, mara mbili na kidogo. Tumbo husukumwa mdomoni, macho hutoka nje, na samaki huelea ubavu hata ukimrudisha majini. Aliyenaswa kwenye makila, yaani nyavu za kutega, usiku kucha hafiki hata hapo, kwani hufa wavuni. Aliyeshikwa kwa ndoano kwenye maji ya kina kifupi ndiye mwenye nafasi, akiachiwa upesi au akishushwa kwa uzito hadi kina alichotoka. Kumtoboa kwa sindano ili gesi itoke ni hatari, maana mkono usiozoea hupasua matumbo.

Kina nacho kina mambo yake. Ziwa hili lina kina cha juu cha mita 80 hivi, na wastani wa 40. Kuanzia Septemba au Oktoba hadi Mei maji ya juu hupata joto na kulalia yale ya chini yaliyo baridi, na huko chini oksijeni huisha. Vipimo vya miaka ya 1990 vilionyesha kuwa hadi karibu nusu ya sakafu ya ziwa hukosa oksijeni kwa miezi kadhaa. Sangara, asiyevumilia hali hiyo, hubanwa juu ya tabaka lile na kwenye miteremko, na hapo huvuliwa kirahisi. Upepo wa kusi wa Juni hadi Agosti ukichanganya maji, hutawanyika tena. Tufani ikiyapindua ghafla, maji mabaya hupanda na sangara hufa kabla ya ngege (tilapia), kama ilivyoonekana Victoria na Kyoga mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021.

Kwa hiyo naona kikomo cha 85 ni sahihi, ila kimewekwa mahali pasipofaa. Rula ya mwaloni humkuta mama akiwa maiti. Tundu la makila huchagua ukubwa wa samaki: dogo mno hunasa watoto, kubwa mno hulenga wazazi. Ukaguzi wetu, hata baada ya wanajeshi wa Uganda kuingia ziwani 2017 kusimamia uvuvi, umekazia zaidi udogo wa tundu. Tundu liwekewe na kikomo cha juu, na nyavu zipimwe zikiwa zimelowa, kwa kuvuta tundu kutoka fundo hadi fundo la upande wa pili, kabla mtumbwi haujaondoka. Kwenye migonzo, yaani kamba ndefu zenye ndoano nyingi, ukubwa wa ndoano na chambo ndivyo vya kuangaliwa, ingawa ndoano haichagui vizuri kama wavu. Na miezi ambayo samaki wamebanwa kwenye miteremko, makila yenye matundu makubwa yasitegwe huko kabisa.