Chanjo ya chikungunya: je, inatosha kwa o'nyong-nyong?

Chikungunya, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, ilitambuliwa kwanza kwenye uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1952. Mwaka 1959 ukazuka Uganda ugonjwa wa jamii hiyohiyo, o'nyong-nyong, na kufikia 1962 watu wapatao milioni 2 wa Afrika Mashariki walikuwa wameugua. Dalili zinafanana: homa, vipele, viungo kuuma hadi mtu ashindwe kuinuka. Leo chikungunya ina chanjo zilizoidhinishwa. O'nyong-nyong haina hata moja.

Wanaosema chanjo hizo zitumike kwa magonjwa yote mawili wana hoja nzito. Kingamwili za waliochanjwa chikungunya huvidhibiti virusi vya o'nyong-nyong maabara, na panya waliochanjwa wamekingwa. (Kinyume chake ni dhaifu: kingamwili za aliyeugua o'nyong-nyong hazividhibiti vizuri virusi vya chikungunya.) Tena, baada ya 1962 mlipuko mkubwa mwingine ulikuja 1996, Uganda tena. Nani atagharamia chanjo ya pekee kwa ugonjwa unaopotea zaidi ya miaka 30?

Lakini kingamwili kwenye chupa si kinga mwilini, na dengi imetufundisha hilo kwa uchungu. Katika majaribio ya Dengvaxia, chanjo ya dengi, nchini Thailand, watoto walikuwa na kingamwili dhidi ya aina ya 2 kati ya aina nne za dengi, na bado waliugua aina hiyo. Ufilipino ilichanja watoto zaidi ya 800,000 kuanzia 2016. Novemba 2017 mtengenezaji akatangaza kwamba wasiowahi kuugua dengi wanaweza kuugua vibaya zaidi baada ya chanjo. Virusi vya dengi ni vya jamii nyingine, kwa hiyo sitabiri balaa kama hilo hapa. Ila chanjo za chikungunya nazo ziliidhinishwa kwa kupima kingamwili, na ile ya virusi hai vilivyodhoofishwa ilisimamishwa leseni Marekani Agosti 2025 kwa sababu ya madhara makubwa.

Nataka majaribio yafanyike huku tunakoishi na virusi vyote viwili, na wagonjwa wathibitishwe kwa kipimo cha vinasaba, maana kipimo cha kingamwili huchanganya magonjwa haya. Kabla ya hapo, wizara isiandike chanjo hii kwenye mpango wake kama kinga ya o'nyong-nyong. Ugonjwa huo huenezwa na Anofelesi, mbu yuleyule wa malaria anayeuma usiku, na chandarua cha kumzuia tayari tunacho.