Nyika Ina Wenyewe, Hata Ukija na Noah na Mbwa

Unalala wapi? Hilo ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote tangu nianze kuzunguka Dodoma, Kondoa na Singida na gari langu aina ya Noah, mimi na mbwa tu. Wengi wanaouliza ni vijana walioangalia video za Wamarekani wanaoishi kwenye magari huko Arizona na Utah, na wanasubiri niwasimulie nyota, ukimya na jangwa lisilo na mtu. Jibu langu huwavunja moyo: nalala pale mwenyekiti wa kitongoji aliponyoosha kidole.

Wamarekani sina ugomvi nao. Kule, sehemu kubwa ya ardhi kame ya magharibi ni mali ya serikali kuu, na idara inayoisimamia, BLM, inamruhusu mtu aegeshe na kulala bure sehemu nyingi kwa siku 14, kisha ahamie kwingine. Mtu mwenye gari, maji na mbwa anaweza kukaa huko bila kumsalimia yeyote na asiwe amevunja sheria wala adabu. Kwetu mambo yamepangwa vingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, imeiweka ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji, na hiyo ni pamoja na kile kichaka cha migunga unachokiona ukiwa barabarani ukadhani hakina mtu. Kina watu. Ng'ombe wa fulani wanachungwa humo, mizinga ya nyuki ya fulani imetundikwa humo, na kile kijia chembamba kinaenda kisimani.

Historia ya Kongwa, huku huku mkoani Dodoma, ndiyo inayonifanya niwe mkali kwenye jambo hili. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa, wafyeke pori na kupanda karanga. Waliopanga mradi ule waliikagua nyika kwa ndege kwa sehemu kubwa, na kutoka juu waliiona tupu. Wagogo walioishi chini walijua kwa nini wao wanafuga na kulima mtama na uwele: mvua ya huku haina ahadi, na udongo ule wa mfinyanzi ukikauka unakuwa zege. Karanga ziling'ang'ania ardhini, na majembe yakachakaa kabla ya wakati wake. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, takriban pauni milioni 36 zikiwa zimekwenda na upepo. Kila nikipita Kongwa nikaona ng'ombe wa ranchi ya Taifa wanakula majani taratibu, nawaza kwamba yote yale yangeepukika kama mtu mmoja angeshuka kwenye ndege akapiga hodi na kusikiliza.

Hodi yangu ina utaratibu wake. Naingia kijijini jua likiwa bado juu, saa kumi hivi, maana gari geni linaloingia usiku na taa zake linatia watu wasiwasi, na mahali penye mifugo wasiwasi huo una sababu. Nasimama penye duka au mashine ya kusaga, nafungua madirisha yote, nashuka. Mbwa anabaki ndani kwanza. "Mbukwa," nasema. "Mbukwa," wanaitikia, kisha wanacheka, kwa sababu Kigogo changu kinanukia Tanga. Kuchekwa ni mwanzo mzuri. Ndipo nauliza nyumbani kwa mwenyekiti.

Mzee mmoja upande wa Bahi alinihoji akiwa amekaa kwenye kigoda, fimbo imelazwa magotini, macho hayaondoki kwenye gari.

"Uko peke yako, mwanangu?"

"Niko na huyu, babu."

"Huyo si mtu. Mumeo anajua uko hapa?"

"Sina mume, babu. Mama anajua."

"Basi mpigie, mwambie uko kwangu."

Nikapiga. Akaomba simu, akaongea na mama yangu kuhusu mvua, bei ya mahindi na vijana wa siku hizi, mpaka salio likakata. Kisha akanyanyuka akanionyesha mahali. Si pale nilipokuwa nimepapenda mimi, penye mchanga laini na kivuli, maana pale ni korongo, na korongo la Dodoma halihitaji mvua inyeshe ulipo. Inyeshe huko juu milimani, maji yanakufikia umelala. Wala si kwenye uwazi wa karibu na boma, kwa kuwa ng'ombe hupita hapo alfajiri. Aliniegesha kando ya mwarobaini, hatua chache kutoka nyumba ya mwanawe. Usiku nikasikia fisi mbali, na hapo jirani nikasikia mtoto anakohoa. Nililala vizuri.

Ndiyo maana neno "peke yangu" nalitumia kwa uangalifu. Wenzangu wa kike huniuliza kama mwanamke anaweza safari hizi bila kudhurika. Naona anaweza, lakini asitegemee mbwa, wala pilipili ya kupuliza, wala kujificha vichakani. Kinachonilinda mimi ni kwamba kabla jua halijazama kuna mtu mzima kijijini anayejua jina langu, namba ya gari na sauti ya mama yangu. Anayejificha hana wa kumuulizia. Asubuhi naacha kilo ya sukari na majani ya chai, naaga nyumba kwa nyumba, naondoka. Malipo ya fedha mara nyingi yanakataliwa, na kuyalazimisha ni kumkosea mtu.

Sasa mbwa. Tomi ni koko wa Chang'ombe, wa rangi ya vumbi, sikio moja limesimama, jingine limekata tamaa. Watu hudhani nimemchukua kwa ulinzi. Kazi yake kubwa ni kunipangia ratiba. Mbwa hatoi jasho kama sisi; ana tezi chache za jasho kwenye nyayo, na joto lake karibu lote hulitoa kwa kuhema. Gari lililoegeshwa juani hupanda joto kwa kama nyuzi 10 za Selsiasi ndani ya dakika 10, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii kitu. Kwa hiyo Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijashuka, tunatembea kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne, tunalala kivulini mchana wote, tunaendelea jioni. Lami naipima kwa kubandika mgongo wa kiganja: nikishindwa kuuacha hapo sekunde saba, miguu yake haikanyagi. Kwenye vijia vya mchanga adui ni mbigili, na jioni nzima inaweza kuishia kwa koleo dogo la nyusi, tochi mdomoni, mguu wa mbwa mapajani.

Kuhusu kivuli, wageni wote hukimbilia mbuyu. Mbuyu ni mti wa kupigia picha. Wakati wa kiangazi, unapohitaji kivuli kwa kufa na kupona, wenyewe umeshapukutisha majani yote, na utakachopata ni kivuli cha shina kinachozunguka na jua, nawe unazunguka nacho na mkeka wako. Tafuta mkwaju au mwarobaini. Wazee wanaokaa barazani mchana walishalijua hili zamani. Angalia wamekaa chini ya mti gani.

Maji ndiyo mtihani wa adabu hasa. Eneo la Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo mito inakuwa mchanga mtupu, na wanawake wanaufukua mchanga huo. Nimekaa nikatazama: shimo linafika kiunoni, mama amechuchumaa chini, anachota kwa kata, anamimina kwenye ndoo, anasubiri maji yajikusanye tena, anachota. Ndoo moja inaweza kuchukua muda wa kuchambua mboga nzima. Kuzunguka shimo wamepanga matawi ya miiba ili mbuzi wasiingie. Sasa mgeni anashuka kwenye gari na mbwa wake mwenye kiu, kamba haipo, mbwa anaona maji. Hapo hakuna tabasamu litakalokuokoa. Mimi natoka mjini na madumu yaliyojaa kututosha wote wawili, Tomi ana bakuli lake, na karibu na kisima anafungwa kamba hata kama hakuna mtu. Hasa kama hakuna mtu.

Kondoa panahitaji uangalifu wa aina nyingine. Lami ya kutoka Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018 na safari sasa ni rahisi, lakini urahisi wa barabara usikusahaulishe unapoingia. Warangi wengi ni Waislamu, na kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo kwa mama ntilie mbwa hafiki. Anafungwa nyuma ya gari, kivulini, analishwa huko, na mimi nanawa kabla sijasogea mezani. Kuna wanaosema huko ni kumbagua mbwa. Siwaelewi. Watu wale wale wasiotaka mbwa aguse kanzu zao wamewahi kumletea mifupa kwenye mfuko, wakaniachia hatua tatu mbali. Hiyo kwangu ni heshima ya pande zote mbili.

Pale Kolo penye michoro ya miambani, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, mbwa hapandi nami mlimani. Ukiacha uhifadhi wa michoro, baadhi ya mapango yale wenyeji bado wanafanyia matambiko. Namlipa kijana akae naye chini ya mti, napanda na muongozaji.

Na hifadhi za taifa, hapana kabisa. Ukishuka kutoka Dodoma kupita Mtera kwenda Iringa utatamani kukunja kwenda Ruaha. Mbwa haruhusiwi, na tafadhali usijaribu kumficha chini ya godoro. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi unaotokana na mbwa wa kufugwa, ule ambao madaktari wa mifugo huuita distempa, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Hao nao ni wenye nyika. Upande wa Itigi na mapori ya kuelekea Rungwa napakwepa nikiwa na Tomi kwa sababu ya mbung'o. Nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao, haiui ng'ombe peke yao, na mbwa hupukutika upesi kuliko ng'ombe.

Chanjo ya kichaa cha mbwa sihitaji kuipigia debe sana, ila kadi yake inakaa kwenye dashibodi, pamoja na leseni. Mara kadhaa mwenyekiti ameiomba, na mara moja alipomaliza kuisoma akaniuliza wao wampate wapi daktari wa mbwa zao. Afisa mifugo wa kata ndiye wa kuanzia, na kila mwaka kuelekea 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi hufanya kampeni za chanjo. Mbwa wa wafugaji hawana mikanda ya shingo lakini wana kazi, na wanaijua mipaka yao. Tomi wangu wa mjini akishuka bila kamba, atapigwa, na atakuwa amestahili.

Wasafiri wa namna hii wanaongezeka. Kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo, zenye magodoro nimeanza kuziona, na wageni wa kutoka nje wanaopita na magari yao kuelekea Arusha wanalala popote wanapochokea. Ningeshauri vijiji vilivyo kando ya barabara za Kondoa, Mtera na Manyoni visisubiri mtu wa wizarani. Mkutano mkuu wa kijiji utenge eneo dogo la kuegesha, penye mwarobaini, choo na mahali pa kufungia mbwa mbali na kisima. Upange ada ya usiku mmoja, stakabadhi itolewe, fedha iingie kwenye akaunti ya kijiji na isomwe kwenye taarifa ya mapato na matumizi kama fedha nyingine. Najua kuna atakayesema ada itaua ukarimu. Mimi nadhani yule mzee wa Bahi bado ataomba simu aongee na mama yangu. Ila mwanawe, ambaye usiku ule alitoka mara mbili na tochi kuangalia gari langu, angekuwa amelipwa.