Sansevieria Unguja: jengeni paa la kuzuia mvua, joto tunalo

Anayetaka kuanza biashara ya sansevieria, ule mmea wa mapambo wenye majani marefu magumu, visiwani kwetu aghalabu huanza na picha za vitalu nyumba vya Uholanzi: nailoni imezungushwa pande zote, mlango mdogo, ndani kumefungwa. Nyumba ile imejengwa kwa ajili ya baridi. Mmea wenyewe ni wa Afrika Magharibi, kuanzia Nigeria hadi Kongo, na hukua vizuri kwenye nyuzi 20 hadi 30. Joto likishuka chini ya nyuzi 10 majani huharibika, na usiku wa namna hiyo Unguja haupo, wala Pemba. Ukiziba pande za banda hapa unanunua maradhi kwa fedha zako mwenyewe. Saa sita mchana ndani ya nailoni iliyozibwa joto hupindukia nyuzi 40, na usiku jasho la nailoni linadondokea majani hadi asubuhi.

Tunachopaswa kujikinga nacho ni masika. Sansevieria huweka akiba ya maji ndani ya majani na shina lake la ardhini, na hufungua vitundu vyake vya kupumulia usiku ili isipoteze maji mchana. Mmea wa tabia hiyo ukilazwa kwenye udongo uliolowa kuanzia Machi hadi Mei, mizizi inaoza kabla jani halijaonesha dalili yoyote. Kwa hivyo banda letu liwe paa zuri lenye pande wazi.

Kwa kuanzia, mita 8 kwa 15 zinatosha. Uti wa paa uelekee kaskazini na kusini, ubavu mrefu utazame mashariki, ili upepo wa kaskazi na wa kusi uingie kwa mshazari na kupita mpaka upande wa pili. Kando paa liwe na kimo cha mita 3, katikati mita 4, na juu kabisa uachwe mwanya wa kutolea hewa moto, uliofunikwa kwa kipande cha paa kilichoinuliwa ili mvua isiingie. Nailoni iwe ile iliyotiwa dawa ya kuhimili jua, unene wa maikroni 200, na chini yake neti ya kivuli ya asilimia 50. Karibu na bahari chuma huliwa na chumvi upesi, hata kilichopakwa zinki. Nguzo za mvinje zilizokaushwa na kupakwa dawa ya mchwa miguuni zinafaa na bei yake nafuu. Boriti za mikoko ziachwe baharini. Pembeni zungushia waya wa kuzuia kuku na mbuzi, basi. Mimea ikae juu ya meza za sentimita 60, isiguse ardhi, maana kuvu wa kuozesha shina na minyoo ya mizizi hukaa humo ardhini.

Udongo ndiyo kazi inayotaka akili zaidi. Mchanga wa pwani usiutie kabisa: una chumvi, na kwa kuwa umetokana na matumbawe na makome, una chokaa nyingi inayozuia mmea kupata madini ya chuma, majani yakapauka. Kokoto za mawe ya uwandani, yaani mawe ya matumbawe, zina ila hiyo hiyo. Tunayo makumbi ya nazi, na hakuna kinachoyashinda. Lakini angalia yametoka wapi. Makumbi yaliyofukiwa kwenye tope la pwani kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi, na ukiyachukua pale kwenye mabaki ya wasokotaji ukayatia chunguni moja kwa moja, ncha za majani zitaungua. Yakatekate vipande vya sentimita moja hadi mbili, yaroweke kwenye pipa la maji baridi (yasiyo ya chumvi) usiku kucha, mwaga, rudia mara tatu. Maji ya mara ya kwanza yatatoka mekundu kama chai ya rangi. Ya mwisho yawe karibu meupe na ukiyaonja yasiwe na chumvi. Halafu changanya ndoo tatu za makumbi, ndoo mbili za kumvi za mpunga zilizounguzwa mpaka zikawa nyeusi (zisifike kuwa jivu), na ndoo moja ya samadi ya ng'ombe iliyokwisha kuoza, ikachekechwa. Kupima ni rahisi: jaza chungu, mwagia maji. Yakituama juu kwa zaidi ya kuhesabu kumi, ongeza kumvi.

Kuzalisha kuna njia mbili, na hapa wengi hupoteza mwaka mzima. Ile yenye ukingo wa manjano, Laurentii, ndiyo inayopendwa na wanunuzi. Ukikata jani lake vipande na kuvipanda, vitaota, lakini watoto watatoka kijani kitupu, kwa sababu chipukizi huanzia kwenye nyama ya ndani ya jani, nayo haina ule umanjano. Laurentii huzalishwa kwa kugawa shina la ardhini tu, kila kipande kikiwa na mizizi na angalau jani moja. Chungu kilichogawiwa kinaweza kuuzwa baada ya miezi mitatu au minne.

Za kijani ndizo za kukatwa majani. Chagua jani lililokomaa, gumu, lisilo na jeraha. Jani la sentimita 60 linatoa vipande saba vya sentimita nane, ncha ukiitupa. Upande wa chini wa kila kipande ukate kwa pembe kama herufi V iliyopinduliwa, ili usipotee. Ukikipanda juu chini hakitoi mizizi. Vilaze kivulini siku tano mpaka kidonda kikauke na kufanya ngozi, kisha vizike sentimita tatu. Mizizi hutoka baada ya wiki nne hadi sita, chipukizi baada ya miezi miwili hadi minne, na chungu cha sentimita 12 kinachouzika huchukua karibu mwaka. Anayeahidi chini ya hapo anauza mimea iliyolegea.

Kumwagilia hakuna ratiba ya ukutani. Inua chungu: kikiwa chepesi mwagia, kikiwa kizito kiache. Kwa kawaida wakati wa kaskazi ni kila siku 7 hadi 10, wakati wa kusi 10 hadi 14, na masika hata wiki tatu hupita. Mwagia asubuhi, kwenye udongo, maji yasiingie katikati ya majani. Mbolea ya NPK 20-20-20, gramu moja kwa lita, mara moja kwa mwezi inatosha. Ukizidisha naitrojeni majani yanarefuka na kuinama.

Jani likilegea chini, likanuka, na ukilivuta kidogo likachomoka, hilo ni ozo la bakteria. Tupa mmea pamoja na udongo wake, usijaribu kuuokoa. Madoa mekundu ya hudhurungi yaliyodidimia, yenye duara la manjano, ni kuvu wa fuzari anayeenezwa na matone juu ya majani. Kisu kichovywe kwenye jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, kila unapohama mmea. Vidung'ata weupe, wadudu wadogo wanaofyonza mmea, hujificha kwenye kitako cha jani, na ukiona majimoto (wale chungu wekundu wa mitini) wanapanda mezani jua wanawafuata na kuwalinda, kwa hiyo tafuta wote wawili.

Kuhusu soko, mahoteli ya Nungwi, Paje na Kiwengwa hutaka mimea inayolingana: vyungu ishirini vya kimo kimoja. Mwenye mimea mia ya vimo mbalimbali hauzi. Panda kwa mafungu makubwa kila mwezi, uandike tarehe. Na tuache kunadi kwamba sansevieria inasafisha hewa ya chumba. Utafiti wa NASA wa mwaka 1989 ulifanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionesha kwamba chumba cha kawaida kingehitaji mimea 10 hadi 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ili kulingana na hewa inayoingia na kutoka yenyewe katika jengo. Mmea ni mzuri na hauna makuu. Hiyo ni sifa tosha.

Mabaki yasitupwe vichakani, hasa karibu na msitu wa Jozani. Kipande kidogo cha shina kinaota peke yake, na kule Florida jamaa yake wa karibu ameshahesabiwa mmea vamizi.

Kwa hoteli, naona kukodisha ni bora kuliko kuuza. Mhudumu wa ukumbi humwagilia kila siku pamoja na maua mengine, mmea ukafa, na lawama zikamrudia mkulima. Ukikodisha, wewe ndiye unayemwagilia na kubadilisha vyungu kila miezi mitatu. Vinavyorudi viwekwe kwenye meza ya peke yake wiki tatu, vikaguliwe vidung'ata, ndipo viingizwe bandani.