"Bei njoo DM": ubishi ambao wenye duka hawajashindwa kabisa

Mkoba umepigwa picha vizuri, rangi zake tatu zimepangwa, na chini yake kumeandikwa: "Bei njoo DM." Mtu aliyekuwa tayari kuungisha saa nne usiku, yuko kitandani na bando linaloelekea ukingoni, anaambiwa aende kwanza akaulize kwa ujumbe wa faragha. Wengine huuliza. Wengi, nadhani, hufunga ukurasa wakalala.

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti za maduka madogo hapa Dar es Salaam, na ubishi unaonirudia kuliko wote ni huu: bei iandikwe au isiandikwe? Waliosomea masoko ya mtandaoni watakwambia bila kupepesa macho kwamba kuficha bei ni kufukuza wateja. Mwenye duka Kariakoo atakutazama kama bibi anavyomtazama mjukuu anayemfundisha kusonga ugali. Zamani nilikuwa na wale wa kwanza, moja kwa moja. Siku hizi nasitasita, ingawa bado naona wenye duka wengi wanajikosesha hela.

Nianze na mwenye duka, kwa sababu hoja yake husikilizwa nusu. Mzigo uleule kutoka Guangzhou, Uchina, unaweza kuwa kwenye maduka kumi ya mtaa mmoja. Ukiandika 45,000 leo, jirani yako kesho anaandika 43,000. Bei ya wazi husomwa na mshindani kabla mteja hajaamka.

Halafu kuna winga. Huyu hana fremu wala mzigo. Anachukua picha za duka lako, anaziweka kwenye ukurasa wake, anapata mteja, anakuja kuchukua kwako kwa bei ya duka, na cha juu ni chake. Duka lenye mawinga ishirini lina wauzaji ishirini wasiodai mshahara. Siku bei yako ikisomeka na kila mwenye simu, cha juu kimekufa, na winga atahamia fremu ya pili bila hata kuaga. Miongozo ya biashara mtandaoni iliyoandikwa ughaibuni haimjui mtu huyu kabisa, ndiyo maana ushauri wake unamfikia mwenye duka kama hadithi.

Ongeza na dola. Mwaka 2024 ilipanda hadi kupita shilingi 2,600, kisha ikashuka sana kuelekea Desemba. Anayeagiza mzigo nje hataki bei ya Machi imng'ang'anie mwezi wa saba, mteja amemshikia picha ya skrini mkononi.

Na kuna hoja ninayoiheshimu kuliko hizo. Anayeona bei akaondoka, ameondoka bila jina. Anayeuliza kwa WhatsApp ameacha namba. Unaweza kumjibu, kumwonyesha mkoba mwingine wa bei nafuu, kumkumbusha mwisho wa mwezi, na akiihifadhi namba yako nawe ukaihifadhi yake, ataona "status" zako kila siku bila wewe kulipia tangazo. Hapa lakini wengi hupitiliza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililofanya zichukuliwe. Aliyeuliza bei ya kiatu hakuomba matangazo ya mapazia.

Sasa upande wa mteja. Bei isiyoandikwa haiko kimya, inasema. Kwa mmoja inasema "ghali, usijisumbue." Kwa mwingine inasema "tutaangalia kwanza picha yako ya profaili." Hofu ya bei ya sura haijazuka na simu, na dawa yake nayo ni ya zamani: Aristide Boucicaut alipoingia kwenye duka la Le Bon Marché jijini Paris mwaka 1852, moja ya mambo yaliyolikuza ni kubandika bei moja kwa kila mnunuzi. Nigeria wamefika mbali zaidi, sheria yao ya ushindani na kumlinda mlaji ya mwaka 2018 inamtaka anayeonyesha bidhaa aonyeshe na bei yake.

Lakini kinachoniudhi hasa si bei kufichwa. Ni kwamba anayeficha bei amejipa kazi ya kujibu, kisha haifanyi. "Habari, huo mkoba bei gani?" Saa mbili zinapita. "Nzuri, karibu. Upi?" Mteja anatuma picha. Jioni: "Rejareja au jumla?" Kufikia hapo mtu ameshanunua kwingine, au hamu imemtoka. Ukiwa peke yako dukani, unapima, unafunga mzigo, unabishana na bodaboda, huwezi kuwa pia dawati la maulizo la watu sitini. Basi hoja nzuri ya "nitapata namba yake" inabaki kwenye karatasi, kwa sababu namba imepatikana na mwenye namba kapotea.

Hesabu yake ni ya kawaida. Tuseme watu 1,000 wanaingia kwenye tovuti yako kwa mwezi na 20 wananunua. Ukiwafikisha 30, umeongeza mauzo kwa nusu bila kuongeza senti ya matangazo. Hao kumi wa ziada mara nyingi hawakosekani kwa sababu ya bei yenyewe. Taasisi ya Baymard, inayofuatilia maduka ya mtandaoni hasa ya Marekani na Ulaya, inaonyesha kwamba takriban vikapu 70 katika kila 100 huachwa bila kulipiwa, na miongoni mwa sababu kubwa ni gharama zinazojitokeza mwishoni, kama usafirishaji. Kwetu ni vilevile: umeandika 45,000 kwa fahari, kisha mteja wa Bunju anaambiwa bodaboda ni juu yake, kiasi kitajulikana baadaye. Hiyo nayo ni bei iliyofichwa. Jedwali fupi la maeneo na nauli zake, pamoja na gharama ya kifurushi cha basi kwenda Mwanza au Mbeya, lina faida kuliko picha kumi mpya. Picha zenyewe zipunguzwe uzito: mwaka 2016 Google walitoa takwimu kwamba asilimia 53 ya wanaoingia kwa simu huondoka ukurasa ukichukua zaidi ya sekunde tatu kufunguka.

Kisha hofu ya kutapeliwa, ambayo hakuna kitufe cha "Nunua sasa" kinachoiondoa. Lipa namba husaidia kuliko namba ya mtu binafsi, kwa sababu jina la biashara hutokea kabla mteja hajaweka namba ya siri, na likifanana na lililoko juu ya tovuti, moyo unatulia kidogo.

Ninachowashauri wateja wangu sasa ni hiki. Andika bei ya rejareja, iwe na nafasi ya cha juu ndani yake, na bei ya winga na ya jumla ibaki WhatsApp. Vitu vya kuagizwa, kama sofa, keki au nguo ya kushona, viandikwe "kuanzia." Kitufe cha WhatsApp kifungue ujumbe ulioandikwa tayari, wenye namba ya bidhaa, ili swali la "upi?" life. Dawa hii ina makali yake: bei iliyoachiwa nafasi huonekana juu kuliko ya jirani, na mteja wa dukani aliyezoea kupatana atakutolea simu.

Mama mmoja ninayemtengenezea tovuti alinisikiliza hadi mwisho. Akakubali kuweka bei kwenye viatu vya watoto, vyote, pamoja na nauli. Kwenye mikoba akakataa. "Mikoba ina mawinga wangu," akasema, "na wewe hujawahi kuniletea wateja watano kwa siku moja." Nikaiacha mikoba ilivyo.